Maulizo Kumi na Moja

Pikapu ilikuwa imeshapita kiwanda cha kuchambulia pamba, na Kabula hakugeuka kukitazama. Alikaa nyuma, juu ya godoro lake lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani, magoti ameyabana kati ya ndoo mbili na jiko la mkaa, na kitanda chake cha chuma kimepinduliwa miguu juu kama mbuzi aliyechinjwa. Miaka mitatu ya Bariadi ilikuwa imeenea yote pale nyuma, na nafasi ikabaki.

Mbele, kando ya dereva, walikaa baba yake, mzee Machibya wa Mwandoya, na shangazi yake Domitila. Domitila alikataa kukaa nyuma kwa sababu ya vumbi, lakini tangu walipofunga mlango wa chumba alikuwa akimsemesha Kabula kupitia kidirisha kisicho na kioo, na hakuwa amepumzika hata mara moja. Alikuwa akimsifia Maige. Maige ana duka la vifaa vya ujenzi pale Mwandoya senta. Maige ana nyumba ya bati, vyumba vinne, sakafu ya simenti. Mke wake alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu, na mwenyewe hanywi pombe. Jumapili baada ya misa angekuja kuzungumza na wazee. Kabula alisikiliza. Hakukuwa na neno la uongo katika hayo yote, wala hakukuwa na neno lililomgusa.

Alikuwa anawaza karatasi.

Karatasi yenyewe aliileta Masunga, kwa mkono wake, siku nne zilizopita. Hilo ndilo lililomsumbua Kabula kuliko yote. Mtu mwenye la kuficha angeichoma.

Masunga alikuwa bwana mifugo, kijana wa Mkula, Busega, mrefu, mpole wa sauti, mwenye mikono iliyonuka dawa ya kupe hata Jumapili. Walijuana kwenye mzani. Msimu wa kwanza wa Kabula kiwandani, yeye akiwa karani wa kupima pamba, Masunga alileta magunia ya mama yake. Kabula akapima, akaandika, akasema kilo. Yule kijana akasimama, akatazama mzani, akatazama magunia, akasema kwa upole, "Dada, mzani wako umenipendelea." Alikuwa amezidishiwa kilo tisa. Nyuma yake foleni ilikuwa ya watu sitini wenye njaa na jua, na mmoja wao akamtukana kwa kuchelewesha mambo. Masunga hakujibu. Alishusha magunia mwenyewe, akayarudisha, wakapima upya. Kabula alipima pamba miaka mitatu, na watu waliomlalamikia mzani hawahesabiki, lakini wote walilalamika upande mmoja. Upande ule wa pili alilalamika mtu mmoja tu.

Basi wakapendana, kama watu wanavyopendana Bariadi, kwa kutembea barabarani Jumapili na kula mahindi ya kuchoma. Mambo yakafika kwa wazee. Mzee Machibya hakuwa na shida na ng'ombe wa mahari. Alisema ng'ombe huzaliana, watakuja tu. Shida yake ilikuwa nyumba. Binti yake mkubwa, Sayi, aliolewa Shinyanga na mume mzuri tu, wakahama vyumba vya kupanga mara tano ndani ya miaka minne. Mara ya mwisho mwenye nyumba aliwatolea godoro nje mvua inanyesha, na Sayi alikuwa na mtoto wa siku tisa mkononi. Machibya alikwenda kumchukua. Tangu siku ile aliapa kwamba huyu wa pili haolewi mpaka aone mlango, na ufunguo wa mlango huo uwe mfukoni mwa mumewe, si mfukoni mwa mtu mwingine.

Masunga hakubisha. Alimpata mwalimu mstaafu, Anatoli, aliyekuwa anarudi kwao Kagera na kuuza nyumba yake ya vyumba vitatu, yenye kisima na mlimao uani. Anatoli alimpa hadi mwisho wa Agosti. Masunga akapeleka maombi benki, mkopo wa nyumba, wa kukatwa kwenye mshahara miaka kumi na mitano. Kabula alikwenda kuiona ile nyumba mara mbili. Mara ya pili alichuma limau moja, akaliweka kwenye pochi mpaka likakauka.

Kisha jibu likaja. Masunga akalileta mbele ya wazee, akaliweka juu ya kigoda, akalisoma kwa sauti bila kuruka neno. Ombi halijakubaliwa kwa sasa. Sababu: maulizo ya mkopo kumi na moja katika kipindi cha miezi minne.

Domitila alipiga mapaja. Mzee Machibya aliuliza taratibu kama anadaiwa na watu kumi na mmoja. Masunga akasema hadaiwi na mtu. Mzee akauliza, sasa benki inasema nini? Na hapo Masunga akakaa kimya, kwa sababu hakujua. Kabula alimwangalia usoni akisubiri neno, neno lolote, na lile neno halikuja. Ukimya wa mtu mkweli na ukimya wa mwizi, kwa anayeutazama kutoka nje, ni kitu kimoja. Siku tatu Kabula hakupokea simu yake. Ya nne, baba akaja na pikapu kumrudisha Mwandoya.

Sasa pikapu ilipunguza mwendo, na Domitila akaanza kulalamika hata kabla haijasimama, maana alijua. Kando ya barabara kulikuwa na mnada wa ng'ombe. Vumbi lilikuwa limesimama juu yake kama moshi wa tanuru la matofali, na harufu ya nyama ya kuchoma ilikuwa imeshavuka barabara.

"Dakika kumi," alisema mzee Machibya, akachukua fimbo yake. "Naangalia tu kama kuna nzagamba."

Alikuwa anatafuta dume la mbegu tangu mwezi wa tano. Domitila akasema dakika kumi za mfugaji mnadani ni adhuhuri ya mtu mwingine, akavua viatu, akafungua mfuko wa michembe ya viazi, akaanza kutafuna. Mzee alikuwa ameshazama kwenye ng'ombe.

Kabula akashuka kunyoosha miguu. Na alipoinua macho, Masunga alikuwa amesimama mbele yake hatua ishirini hivi, amevaa koti lake jeupe lililoisha weupe, kalamu sikioni, anakagua kibali cha mtu. Ilikuwa siku yake ya kazi pale. Kabula angelijua hilo kama angekuwa na akili zake zote asubuhi ile.

Masunga aliona kwanza kitanda. Aliona miguu ya kitanda imetazama mbinguni, akaona ndoo, akaona godoro, ndipo akamwona Kabula, na kalamu ikaanguka kutoka sikioni. Hakuiokota. Alimrudishia yule mtu kibali chake bila kukigonga muhuri, yule mtu akamwita mara mbili, akakata tamaa.

Alikuja akitembea, hakukimbia. Alimsalimia kwanza Domitila, kwa heshima, mwangaluka mayu, na Domitila, mdomo umejaa michembe, hakuwa na namna ila kuitikia.

"Unahama," Masunga akamwambia Kabula.

"Nimehamishwa."

"Nimepiga simu tangu saa tatu."

"Najua. Imelia mpaka ikaisha chaji."

Walitazamana. Kabula alikuwa amepanga maneno makali, ameyapanga usiku tatu, lakini macho ya Masunga yalikuwa mekundu na ndevu hazijanyolewa, na shati chini ya koti lilikuwa lile la Jumapili. Akauliza kwa nini amevaa shati la kanisani mnadani.

"Nilikuwa benki. Wamefungua tu, nimeingia."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi nyingine, mbili, zimebanwa pamoja. Hakumpa. Alizishika tu kama mtu aliyeshika kifaranga.

Akamweleza. Pale benki kuna dada anaitwa Felisita, afisa wa mikopo, ndiye aliyeandika ile barua. Masunga alikwenda akiwa na hasira, tayari kugombana, akamkuta mtu mdogo mwenye miwani mikubwa aliyemvutia kiti na kumuuliza kama amekunywa chai. Felisita hakumbembeleza wala hakumuonea huruma. Alimwambia kwamba yupo mtu anayetunza kumbukumbu za wakopaji wote wa nchi hii. Kila unaposaini fomu ya kuomba kukopa, hata pikipiki, hata simu, yule unayemwomba anafungua jina lako na kulitazama. Na kila anayelitazama anaacha alama. Anayekuja baada yake haoni sababu uliyouliza. Haoni kama ulichukua au uliacha. Anaona tu kwamba umegonga milango kumi na moja ndani ya miezi minne, na anajiuliza mtu huyu ana njaa gani.

"Milango kumi na moja ya nini?" Kabula aliuliza. "Ulikuwa unatafuta nini kwenye milango kumi na moja?"

Masunga akageuka, akaonyesha kwa kidevu kule kwenye vumbi la mnada.

"Mimi ni mtoto wa mfugaji, Kabula. Nani amewahi kununua ng'ombe wa kwanza aliyemwona? Unazunguka. Unauliza huyu, unauliza yule, unapapasa nundu, unaondoka. Na mkopo wa nyumba nikaona ndiyo ng'ombe mkubwa kuliko wote nitakaowahi kununua. Basi nikazunguka. Kila aliyeandika mkopo mlangoni niliingia. Wakanipa fomu nisaini, nikasaini. Nilidhani nauliza bei tu."

Na kweli mwaka ule ungeweza kuzunguka Bariadi nzima. Tangu mji uwe makao makuu ya mkoa, milango ilikuwa imefunguka kama uyoga wa masika. Benki hii na benki ile, kampuni za mikopo ya watumishi zenye viti vya plastiki na feni moja, watu wa sola wanaokuwekea taa leo ulipe kidogokidogo, pikipiki kwa awamu, friji kwa awamu, na simu ya mkononi yenyewe, ukibonyeza tu kuona ungepewa kiasi gani, imeshakuuliza jina.

"Umechukua kwa wangapi?"

Ndipo alipompa zile karatasi. Ilikuwa kumbukumbu yake mwenyewe. Felisita alimwonyesha namna ya kuiomba, na akamwambia mtu akijiulizia mwenyewe haihesabiki. Kabula alisoma akiwa amesimama juani. Tarehe, jina la mlango, tarehe, jina la mlango. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili. Mikopo anayodaiwa: hakuna. Mikopo iliyocheleweshwa: hakuna.

Alisoma ile mistari mara tatu. Yeye ni mtu wa mzani. Alijua kusoma namba inayosema kweli.

Kisha macho yake yakapanda tena juu, yakasimama kwenye mlango wa tisa.

"Kumi na nne Mei," alisema. "Duka la Mahona. Mahona anauza cherehani."

Masunga akatazama viatu vyake.

"Masunga. Cherehani ya nini?"

"Ulisema siku moja."

Kabula alisema, ndiyo. Mwezi wa tatu, wanatafuna mahindi karibu na stendi, alisema msimu wa pamba ukiisha huwa anakaa bure miezi saba, na kwamba angekuwa na cherehani ya mota asingekaa bure. Alisema kama mtu anavyosema mvua ingenyesha. Hakujua kama kuna aliyesikia.

"Nilikwenda kuuliza awamu," Masunga alisema. "Nikaona ni ghali, nikaacha. Lakini ile fomu nilisaini."

Kabula alikunja karatasi polepole. Alimtazama yule mtu aliyesimama mbele yake na koti lake chakavu, aliyeharibu jina lake kwa uangalifu, fomu moja baada ya nyingine, kwa kuwa hakutaka kupunjwa hata shilingi kwa ajili yake. Alijisikia kucheka na alijisikia kulia, akachagua kukaza uso kwa sababu shangazi alikuwa ameacha kutafuna.

"Sasa huyo Felisita anasemaje?"

"Nikae miezi sita. Nisiulizwe na mtu yeyote, nisisaini popote, wala simu nisibonyeze. Zile alama zichakae. Nikirudi Februari na mshahara wangu ulivyo, anaamini itapita. Nilimwomba aipitishe sasa hivi. Akakataa. Alisema akinionea huruma leo, kesho hatajua amwonee nani."

"Na Anatoli?"

"Anatoli hatangoja Februari."

Ng'ombe mmoja alilia kule ndani. Masunga alivuta pumzi kama anayebeba gunia.

"Sikuja kukuomba ungoje. Nimeomba milango kumi na moja mwaka huu, nimechoka kuomba kitu ambacho sina uhakika nacho. Nilitaka tu ujue sikukudanganya. Basi."

"Omba tu," alisema Kabula.

"Kabula."

"Omba. Hili la kumi na mbili haliandikwi popote."

Hakupata sauti ya kuomba. Midomo ilifunguka ikafunga. Lakini alimtazama, na Kabula baadaye alisema hajawahi kuombwa kitu kwa ukamilifu namna ile. Domitila, kutoka kwenye kiti cha mbele, akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kifua.

Kabula akageuka kumtafuta baba yake. Alimwona mbali, kofia yake ya kijivu ikipanda na kushuka kati ya nundu. Mzee alisimama kwa dume jekundu, akapapasa nundu, akalifungua mdomo akatazama meno, akauliza bei, akafyonza, akaenda. Akasimama kwa jeupe lenye madoa. Nundu, meno, bei, akafyonza, akaenda. Wenye ng'ombe hawakumkasirikia. Mmoja alimcheka, akamwita mzee wa kuuliza, naye akamrudishia kwamba dume lake lina miguu ya mbuni. Kabula alisimama pale akimtazama baba yake, na kitu fulani kikamfungukia kichwani kama dirisha.

"Nifuate," alimwambia Masunga.

Alimkuta mzee ameinama chini ya dume jeusi, anakagua kwato.

"Baba, umefika kwa wangapi?"

"Tisa." Hakuinuka. "Wamebaki wawili kule mwisho."

"Kwa hiyo kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja."

"Umenunua wangapi?"

"Nitanunua mmoja, kama nitanunua. Mayu, mwanangu, umekulia kwenye zizi, swali gani hilo?"

"Naomba nielewe. Nikisimama pale mlangoni nikawatangazia watu kwamba mzee Machibya wa Mwandoya ana madeni kumi na moja ya madume, nitakuwa nimesema nini?"

Mzee akainuka. Alimtazama binti yake, akamtazama Masunga nyuma yake, ambaye alishusha macho na kumwamkia, naye akaitikia kwa nusu ya mdomo.

"Utakuwa umenivunjia heshima," alisema. "Kuuliza si kukopa."

"Basi isome karatasi yake hivyohivyo, baba."

Mwenye dume jeusi aliegemea fimbo, akasogea ili asipitwe. Masunga alieleza tena yote, kwa Kisukuma sasa, maana kwa Kisukuma yalikuwa mafupi zaidi. Mzee Machibya alisikiliza huku mkono wake umebaki kwenye nundu ya dume. Alipoelewa, alielewa mara moja, kwa mwili mzima, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani yake wa siku zote. Aliomba karatasi. Kusoma kwake kulikuwa kwa kukatakata, lakini namba alizijua. Alipitisha kidole kwenye ile milango mmoja baada ya mwingine, na kadiri kidole kilivyoshuka ndivyo uso ulivyolainika.

"Wote hawa uliwafikia?"

"Wote, baba. Kwa miguu wengine."

"Hata huyu wa simu?"

"Hata huyo."

"Na aliyekuwa nafuu kuliko wote ni yupi?"

Masunga alisita. "Benki ya Felisita. Wa kwanza niliyeanza naye."

"Wa kwanza." Mzee alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeyajua hayo. "Huwa ni wa kwanza siku zote. Lakini ungejuaje bila kuzunguka?"

Mwenye dume akaunga mkono, kwamba kweli, ungejuaje.

Domitila alikuwa amefika, viatu mkononi, amesikia ya kutosha. Alikumbusha kwamba Jumapili ni kesho kutwa, kwamba Maige ameshaambiwa, kwamba nyumba ya Maige haihitaji Februari, imesimama. Alisema hayo kwa utulivu, na hakukosea. Alikuwa ndiye aliyempokea Sayi na yule mtoto wa siku tisa, akawakausha nguo jikoni kwake.

Mzee Machibya hakumdharau. Alifikiri.

"Maige ni mtu mwema," alisema mwishowe. "Lakini lile dume lake bovu unalikumbuka? Aliuliza kwa mtu mmoja, akalipa."

Kisha akamgeukia Masunga, na sauti ikawa ya kikao.

"Sikiliza, kijana. Neno langu la nyumba liko palepale, silipunguzi. Nataka mlango. Umeambiwa miezi sita usiulizwe na mtu. Nami nakupa miezi hiyohiyo sita. Usiulizwe popote, na mimi pia usiniulize. Februari ukija na ufunguo, tutaongea ng'ombe. Ukija bila ufunguo, tutakunywa maziwa na utarudi kwako. Maige nitamwambia mwenyewe."

"Nimesikia, baba. Wabeja," alishukuru Masunga.

"Na pikipiki yako ya kazi ikikuharibikia?"

"Nitatembea."

"Haya."

Hawakushikana mikono mbele ya mzee. Kabula alirudi kwenye pikapu akiwa na zile karatasi mbili, na Masunga alipozitazama, alimwambia hizi nabaki nazo, wewe unazo kichwani. Akapanda juu ya godoro. Mzee akapanda mbele bila dume, akisema wale wawili wa mwisho nao walikuwa na bei za kichaa. Gari likawaka, vumbi likainuka, na safari hii Kabula aligeuka mwili mzima, akashika mguu wa kitanda, akaliangalia lile koti jeupe mpaka likawa doa, na doa halikusogea kutoka pale lilipokuwa hadi barabara ilipopinda.

Anatoli aliuza nyumba yake Septemba kwa mwenye duka la dawa, akarudi Kagera. Mlimao ulikatwa kupisha choo.

Pikipiki ya Masunga ilikufa injini mwezi wa kumi. Muuzaji alimpa mpya kwa awamu, saini tu hapa. Alinunua baiskeli iliyotumika, akachanja ng'ombe wa vijiji vinne kwa baiskeli hiyo masika yote, na kule bado wanamwita bwana mifugo wa baiskeli. Kabula alikaa Mwandoya akilima pamba ya baba yake. Walipigiana simu Jumapili.

Februari Felisita alipeleka maombi upya na yakapita, kwa kiasi pungufu ya kile cha kwanza. Masunga alinunua nyumba ya vyumba viwili upande wa Somanda, bila kisima. Anakatwa mshahara hadi leo. Felisita alihamishiwa Geita mwaka uliofuata, na hawakumwona tena.

Mzee Machibya alirudi mnadani baada ya wiki mbili, akanunua dume kwa yule mtu wa kwanza aliyemuuliza, kwa elfu thelathini zaidi. Maige alioa mjane wa Lalago, wana watoto wawili. Domitila ndiye aliyesimamia harusi ya Kabula mwezi wa saba, ng'ombe kumi na wanne, na kila akija Bariadi hulala chumba cha pili na kulalamikia maji. Sayi na mumewe wanapanga bado.

Cherehani Masunga aliinunua kwa Mahona mwezi wa tisa mwaka ule wa harusi, kwa fedha mkononi. Mahona alimpa fomu kwa mazoea, naye akairudisha bila kuisaini.